Fundi Hakuondoka Hadi Nizime Stima

Mimi ni Waithera, mjane wa Kihara, wa Section 58 hapa Nakuru. Shule niliachia darasa la pili kule Kariandusi, baba alipokuwa akichimba udongo mweupe wa mgodi wa huko. Lakini nimeendesha posho mill miaka ishirini na saba, na pale nilijiwekea sheria moja: fundi akitengeneza mota, haondoki mpaka debe la mahindi lisagwe nikiona. Wengi walinuna. Unga ulitoka.

Mwaka jana wezi waliniingilia. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, wakakata dirisha la jikoni. Nikabonyeza kile kidude cha alamu ninachovaa shingoni, na alamu yenyewe ikapigia kampuni ya ulinzi, kupitia simu yetu ya zamani ya waya. Askari walifika kabla wezi hawajabeba hata redio. Binti yangu Wangechi, anayefanya kazi kwa mitambo ya stima Olkaria, akaja na pikapu tupu anihamishe kwake Naivasha. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Sawa, Mum. Bora hiyo alamu ifanye kazi. Siku itakataa unahama, na hatutaongea mara mbili."

Nikakubali. Nyumba hii tuliijenga na Kihara chumba kimoja kimoja. Sina haja ya kulala kwa chumba cha wageni cha mtu, hata akiwa ni mtoto wangu.

Mwezi wa pili mwaka huu Wangechi akaniwekea intaneti ili tuwe tunaonana kwa simu. Fundi aliyekuja ni mwanamke wa kama miaka thelathini, anaitwa Cheptanui. Akavuta waya wa faiba kutoka kwa nguzo, akabandika kisanduku ukutani, taa zikawaka. Kazi safi, sitamsingizia. Kisha nikamwona anakunja waya wa simu ya zamani.

"Huo unaupeleka wapi?"

"Hii haina kazi tena, shosho. Simu na alamu nimezihamishia kwa kisanduku. Binti yako alisema laini ya zamani ikatwe."

"Mimi si shosho yako. Alamu inafanya?"

"Inafanya. Si unaona taa ya kijani. Weka sahihi hapa kwa simu yangu, na kidole tu."

Nikabonyeza. Si simu yake, kile kidude cha shingoni. Simu ya mezani ikalia. Ni Kosgei wa kampuni ya ulinzi, anauliza kama niko salama. Nikampa neno letu la siri, akakata. Cheptanui akanisogezea simu yake tena. Nikampita, nikaenda nyuma ya mlango nikazima meni swichi.

Friji ikanyamaza. Taa za kisanduku zikafa zote. Nikabonyeza tena, tukangoja. Alamu ina betri yake ndani, ilikuwa hai, lakini haikuwa na njia ya kupigia mtu. Hakuna simu iliyolia.

"Mathe, umezima stima," Cheptanui akasema, polepole, kama anaelezea mtoto.

"Na wezi wakija wataniwashia?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nimeshafikiria mbele. Nikilalamika kwa Wangechi, atasikia neno moja tu, kwamba alamu imekataa, na pikapu itakuja. Nikiweka kidole ninyamaze, siku stima itapotea nitakuwa peke yangu. Nikavuta kiti nikaketi chini ya kiboksi cha ukutani unapoingilia waya wa simu ya zamani.

"Simu ya waya haikutegemea stima ya nyumba hii," nikamwambia. "Stima yake ilikuwa inakuja na waya wake. Irudishe."

"Oda inasema nikate. Bosi atanifokea."

"Mpigie akufokee nikisikia."

Akampigia. Bosi akasema siku hizi kila mtu anatumia kisanduku, mteja aweke sahihi kazi iishe. Cheptanui akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha la jikoni.

"Boss, amekataa," akasema. "Na ako na haki. Stima ikienda, alamu haiko."

Akarudisha waya wa zamani kwa alamu, faiba akaiachia intaneti peke yake. Lakini hakunificha. "Hii laini itakufa mwisho wa mwezi. Binti yako ndiye aliagiza ikatwe. Ni yeye atasema isikatwe."

Kwa hivyo ilibidi nimwambie. Nikawasha stima, Cheptanui akatuunganisha kwa intaneti, Wangechi akatokea kwa kioo cha simu na kofia yake ya kazini. Nikaanza kumweleza, nikafika pale alamu ilipokataa. Sikuwa nimemaliza.

"Si nilikwambia, Mum. Jumamosi nakuja na gari."

"Ngoja kwanza," nikasema, nikazima meni swichi.

Sura yake ikaganda, ikapotea. Nikabonyeza. Simu ya waya ikalia pale mezani.

"Mama Wangechi, uko salama? Nipe neno."

"Leo sisemi neno, Kosgei. Fanya vile mnafanya mtu asiposema."

"Natuma askari na nampigia binti yako. Una uhakika?"

"Tuma."

Haikuchukua muda, simu yangu ya mkono ikalia.

"Mum, Kosgei amenipigia. Mnafanya nini huko?"

"Nimezima stima. Intaneti yako imekufa, alamu imekufikia Olkaria."

Nilisikia mashine zikivuma nyuma yake. Yeye ni mtu wa stima, hakuhitaji maelezo mengi.

"Laini wasiikate," akasema. "Nitawapigia leo."

"Na Jumamosi?"

"Nitakuja kusalimia tu."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikaweka kidole kwa simu ya Cheptanui, nikawasha stima, nikatoka kufungulia askari. Walikuwa wanne pale geti na rungu mkononi, na ilibidi niwaeleze.