Waliokuja na Sauti ya Kukwaruza

Siku ya kwanza nilipofika hospitali ya Embu kutoka kwetu Meru, nikiwa muuguzi mpya mwenye viatu vyeupe vilivyonibana, sista msimamizi hakunipeleka wodini. Alinipeleka kliniki ya koo, chumba kidogo mwisho wa varanda, akafungua kabati la mafaili.

"Hawa wana saratani ya koo, walipelekwa Nairobi kupigwa mionzi," akasema. "Wengine hatujawaona tena. Kazi yako, Sista Kagendo, ni kuwatafuta. Daktari anataka kujua nani yuko hai, na kwa nini."

Nikikumbuka miaka ile, sauti hunijia kabla ya nyuso: sauti nzito, sauti zilizobaki mnong'ono. Nilipanda hadi kijiji cha Kibugu ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai, nikiuliza nyumba kwa nyumba, na mara nyingi nilimsikia mgonjwa akikohoa kabla sijamwona. Mzee mmoja huko aliniambia kwamba alipolazwa chini ya mashine, kichwa kimeshikwa na kinyago cha plastiki kisitikisike, alisikia mlio kama wa nyuki walio mbali, akajiona anatembea shambani kwake bila kugusa ardhi. Alisimulia akitabasamu. Hata mimi nikaanza kuota shamba hilo.

Daktari wa koo alikuwa mtu mpole, aliyezungumza kama anayejisemesha. Alinifundisha mambo ya kuandika. Sauti ilibadilika lini? Uvimbe ulioanzia kwenye nyuzi za sauti hujulikana mapema, maana sauti hukwaruza. Ule ulioanzia chini zaidi hujificha mpaka chakula kishindwe kupita. Tezi za shingo zimevimba? Basi ugonjwa umeshatembea. Damu ni kiasi gani? Mwenye damu kidogo mionzi haimsaidii vizuri. Ameacha sigara? Na mwisho, je, alimaliza siku zake zote za mionzi bila kukatiza? Hapo aliniangalia usoni. "Hilo la mwisho," akasema, "ndilo wewe unaweza kulisaidia."

Kisha akaja Mama Ciambaka, mkulima wa ndengu kutoka Mbeere. Shingoni alikuwa na uvimbe mgumu, alimeza uji tu, na damu yake ilikuwa chini. Tulimwandikia barua ya Nairobi. Mimi, kwa kujiona nimeshajua kazi, nikachora msalaba mdogo wa penseli kando ya jina lake.

Daktari aliuona. "Hii ni nini, Sista?"

"Ni alama yangu tu, daktari. Sidhani atarudi."

"Tunaandika haya ili tujue nani anahitaji kusaidiwa zaidi. Hatuandiki ili tujue nani wa kuachwa." Akaufuta kwa kidole. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama Ciambaka aliongezwa damu, akaanza mionzi. Wiki ya tatu tukapata habari kwamba ametoroka. Nikateremka Mbeere kwenye jua kali, nikamkuta ameketi mlangoni, midomo imekauka, kikombe cha maji kando yake hakijaguswa.

"Mama, mbona umetoka?"

"Koo linawaka, Sista." Ilibidi niiname ndipo nimsikie. "Hata maji yananichoma. Na huko hakuna mtu anajua jina langu. Wananiita kitanda cha dirishani."

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Mama, kila siku unayokaa hapa, huo uvimbe nao unapata nguvu."

"Nikirudi nitapona?"

"Sijui. Lakini ukikaa, najua."

Alitazama mbuzi wake kwa muda mrefu. "Basi twende. Lakini wewe ndiwe utawaambia jina langu."

Sista msimamizi aliniruhusu siku mbili. Nilienda Nairobi na Mama Ciambaka, nikamtambulisha kwa kila muuguzi wa wodi ile. Walimwekea mpira mwembamba wa kulishia puani, na daktari wa mionzi akapanga upya zile siku zilizopotea. Hakukosa tena hata moja.

Aliishi. Sauti haikurudi vizuri, lakini alilea wajukuu kwa mnong'ono, nao wakazoea kunyamaza anapozungumza. Alikufa mzee, kwa maradhi mengine.

Mwalimu mmoja wa Kianjokoma alikuja mapema, uvimbe mdogo, hakuwahi kuvuta sigara, akamaliza siku zote. Ugonjwa ulirudi mwaka uliofuata, tukamzika. Nilimuuliza daktari kwa nini. Alifunga faili, akasema, "Tuendelee kuandika."

Siku hizi wauguzi vijana hunitembelea hapa Dallas, mtaa wa Embu mjini, nilipostaafia. "Cucu, ulijuaje nani atapona?" huniuliza, wakiniita bibi kwa lugha ya kwao. Nawatajia yale yale ya daktari: mapema, tezi, damu, sigara, siku zisizokatizwa. Nawaambia pia juu ya ule msalaba, ingawa bado unaniaibisha.

Wakishaondoka, nabaki kibarazani na chai yangu. Watoto wangu hudhani ni uzee unaonifanya nimalize kikombe polepole hivyo. Hapana. Najinywea taratibu, funda baada ya funda, nikisikia joto likipita kooni na kushuka bila kuuma.