Magitaa Matatu ya Kaka

Fundi wa sare za shule, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Ridhimu, alikwenda kwa kaka yake kuchagua gitaa akiwa bado na futi kamba shingoni. Hakukusudia, alisahau tu kuivua, na njiani mtu mmoja alimsimamisha kumuuliza suruali yake imefikia wapi.

Jina la Ridhimu alilipata kwenye bendi. Kaka yake ndiye aliyekuwa kiongozi na mpiga solo, na Ridhimu alisimama nyuma yake akipiga gitaa la ridhimu, lile la kushikilia mapigo, tangu usichana wake mpaka bendi ilipojifia yenyewe bila kuaga mtu. Mchana alishona kola, jioni alipiga ridhimu, na akiulizwa kazi ipi ngumu alijibu kola. Kupiga solo aliwahi kuomba, mara moja. Kaka alimwambia, "Subiri kidogo." Akasubiri. Hakuna aliyemwambia aache.

Sasa masikio ya kaka yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema ni spika za bendi. Wifi alisema ni ubishi. Kaka mwenyewe hakusikia walichosema. Ila aliamua kuuza magitaa yote, na kabla mnunuzi hajaja, mdogo wake achukue moja, lolote atakalo.

Yalikuwa yamelazwa kwenye kochi kama wagonjwa. La kwanza ni la miaka ya sitini, jembamba, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa ya chai: hilo ndilo la solo. La pili ni la miaka ya sabini, la mbao nzito ya kahawia, ambalo Ridhimu alilibeba mpaka bega la kushoto likashuka, na nguo zake zote akazishona kwa kulifuata bega hilo. La tatu ni la miaka ya themanini, jekundu, lenye pembe zilizochongoka kila upande, utadhani liligongwa na gari likakasirika. Lilinunuliwa kwa ajili ya kijana mmoja wa bendi, akalipiga siku chache, akaokoka. Tangu hapo lilikaa uvunguni.

"Chukua lako!" kaka alisema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Mmeshazoeana!"

"Achukue la solo," wifi alisema akiwa mlangoni. "Ndilo lenye heshima. Hilo jekundu hata mwizi ataliacha."

Ridhimu alipiga magoti, akavua futi kamba, akapima upana wa shingo ya kila gitaa.

"Unayashonea sare?" kaka aliuliza.

Alichomeka waya kwenye la solo, akaketi. Kaka alivuta kiti, akainama, akagandisha kidevu kwenye kona ya gitaa, kwa sababu siku hizo alisikia kwa mifupa. Walionekana kama mtu mwenye jino bovu na daktari wake.

Akapiga solo ya kaka, ile iliyokuwa ikiinua watu vitini. Akaipiga yote mpaka mwisho.

Kaka aliinua kidevu taratibu. "Nani kakufundisha?"

"Wewe!" Ridhimu alipaza sauti. "Nilikuwa nyuma yako! Ningesikiliza nini kingine?"

"Na pale katikati?"

"Pale huwa unakosea! Nimekosea kama wewe!"

Wifi aliangua kicheko. Kaka alitazama soksi zake.

"Siku zote hizo ulikuwa unaiweza?"

"Uliniambia nisubiri!"

"Nikasahau," kaka alisema. Hakulisema kwa sauti ya barabarani. Ridhimu alilisikia vizuri, akajishughulisha na waya.

Pamoja na hayo, gitaa hilo hakulichukua. Vyuma vya shingoni vilikuwa vimelika pale pale palipopendwa na vidole vya kaka. Alijaribu kupiga kitu chake mwenyewe, vidole vikateleza kwenye vijishimo vile, kikatoka kitu cha kaka. Kwenye lile zito mambo yalikuwa mepesi zaidi: mkono ulianza wenyewe chaka-chaka-chaka, kabla hajauambia kitu.

Akachukua jekundu. Nyuzi zilikuwa na kutu, na mlio wa kwanza ulimfanya wifi afunge mlango. Lakini shingo ilikuwa mpya. Hakuna aliyewahi kupita pale. Akapiga wimbo aliokuwa akiutunga kwenye cherehani kwa miaka, wimbo wa polepole, ambao hakuwahi kumpigia mtu.

"Unachelewa," kaka alisema, kidevu kikiwa kwenye pembe.

"Sichelewi! Nyinyi ndio mliokuwa mnakimbia!"

Kaka aliinua kidevu, akafikiri. Kisha akarudisha kidevu. Wimbo ulipokwisha, alisema, "Rudia," naye akarudia.

Jekundu liliondoka limefungwa shuka, kwa sababu wifi hakutaka majirani waone kitu kama kile kikitoka kwake. Mnunuzi alipokuja alikuta la solo peke yake. Lile zito, kaka alisema, lina kazi.

Mwisho wa muhula, shule aliyoishonea sare ilimwomba Ridhimu aje kuchangamsha sherehe ya kufunga. Alisimama mbele na jekundu lake. Nyuma yake alisimama kaka, akipiga ridhimu, macho yamemganda dada yake kisiginoni, maana ndicho kilichomwambia mapigo yako wapi. Alikwenda sawa kabisa, kuliko wengi wenye masikio.

Tatizo lilikuja mwishoni. Ridhimu alimaliza wimbo, akainamisha kichwa, kisigino kikasogea, kikatulia nyuma ya mguu wa meza iliyokuwa kati yao, ambapo kaka hakukiona. Kaka akaendelea peke yake. Mwalimu mkuu akasimama kushukuru, akaketi tena. Watoto wakaanza kumpigia makofi kwa kufuata mapigo yake, naye, alipoona mikono yao, akazidisha bidii.

Ridhimu aligeuka, akamtazama. Angeweza kumgusa bega. Badala yake aliweka vidole kwenye nyuzi, akasikiliza kaka yuko wapi, akaingia.