Marashi ya Baba Marehemu

Mtaani walimwita Pua, naye hakukasirika, maana hiyo pua ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea wanawe. Kibanda chake hakikuzidi upana wa kitanda: rafu mpaka darini, chupa za mafuta ya manukato, na sindano ya kupimia. Ukimletea shati linalonukia, kesho yake alikupa marashi yaleyale, na bei juu. Majivuno alikuwa nayo pia, tusimfichie. Kila mchanganyiko aliujaribu kwenye ngozi yake mwenyewe, na ukimuuliza kwa nini hatumii karatasi kama wenzake, alikujibu, "Karatasi haitoki jasho, ndugu yangu."

Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alimletea chupa ya kijani iliyokauka, imebaki na unyevu kidogo tu kifunikoni.

"Ya marehemu baba," alisema. "Siku hizi hayatengenezwi tena. Mama kumbukumbu zimempotea, kila jioni anaangalia mlango, anauliza, 'Amekuja?' Mimi naona amemkumbuka. Nataka aisikie harufu yake tu, labda atatulia."

"Niachie, dada. Baba yako nitamrudisha," Pua alisema, na kauli hiyo ilikuja kumsuta.

Yalikuwa marashi ya kizamani, ya wanaume wasiotabasamu ovyo. Kwanza majani mabichi yaliyopondwa, machungu, yanayokata pua. Halafu mrehani na lavenda, safi kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Mwisho msonobari na udongo wa kivulini usiopata jua. Huo udongo ndio uliomhangaisha wiki nzima. Kila alipoukaribia, alijikuta anageuka kuangalia nani ameingia kibandani. Usiku alipokwenda nayo nyumbani, mkewe naye akamwambia, "Baba watoto, hayo yasilale humu. Nahisi kuna mgeni ndani." Pua akacheka, lakini usingizi ulimruka.

Yalipokamilika alijipaka mikono na shingo, akajipongeza, akayapeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa jikoni anaosha vyombo. "Pita tu, kaka, mama yupo sebuleni. Nakuja."

Bibi kizee alikuwa kwenye kochi, anakunja kitambaa na kukikunjua. Pua akainama. "Shikamoo, mama."

Kitambaa kikamdondoka. Pua alidhani ni furaha, basi akausogeza mkono karibu ili anuse vizuri. Bibi akainua mikono yake yote miwili, akafunika uso na kichwa, upesi, kama mtu aliyekwisha kulizoea jambo hilo.

"Chakula kipo tayari," alisema. "Kipo tayari, baba. Mtoto amelala. Usimwamshe."

Pua aliganda pale pale, mkono hewani. Mwalimu alikuwa amefika mlangoni, povu linamtiririka vidoleni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na binti wa watu miaka yote hiyo alikuwa amelala.

"Baba alikuwa mpole," mwalimu alimwambia Pua, kana kwamba Pua ndiye anayebisha. "Mimi hakuwahi kunipiga hata kofi."

Pua alitoka mpaka bombani uani, akajisugua kwa sabuni hadi ngozi ikamwaka moto. Majani yalitoka, lavenda ikatoka, udongo ulibaki. Aliogopa. Aliiogopa mikono yake mwenyewe, kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa mzimu wowote aliosimuliwa utotoni.

Aliporudi kuaga aliishia kizingitini mwa sebule. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, na bibi ananong'ona akimpapasa nywele, macho yake hayabanduki mlangoni.

"Wewe rudi ukalale, mwanangu. Akiondoka nitakuamsha."

Pua hakuaga. Alipita ukumbini akikanyaga kwa kishindo, akaufungua mlango wa mbele, na alipotoka akaubamiza kwa nguvu, ili bibi asikie kwamba ameondoka.