Sumni Isiyo na Sungura

Mwanangu, ile sumni ya kitovu niliichukua mimi. Nimekana karibu miaka thelathini, tena kwa Kiswahili fasaha, maana nimesomeshwa.

Wewe umekulia sarafu za faru na simba, senti hukuzijua. Sumni ilikuwa senti hamsini, upande mmoja kichwa cha mtu, upande wa pili sungura. Ya mama yangu, pale Ujiji, haikuwa na sungura. Ilipopigwa chapa upande huo ulirukwa, ukatoka mtupu, laini kama ukucha. Dukani waliikataa. Mama akaipa kazi nyingine: kichanga akizaliwa mtaani kwetu, ilifungwa kitovuni kwa kipande cha kanga, upande laini chini, ili kitovu kisichomoze. Ilizunguka nyumba hadi nyumba, na kila mara ilirudi.

Nilipokuwa chuo kikuu nilimpenda kijana mmoja aliyekusanya sarafu. Likizo moja nikaiona sumni dirishani kwa wifi yangu Mwamvita, mke wa kaka, akiwa anamwogesha mwanawe. Nikaichukua nikampelekea, ikabaki kwake. Yule kijana aliigeuzageuza, akaisifia kasoro yake nusu saa nzima. Mimi hakunisifia hata dakika.

Nyumbani wakaitafuta. Mama hakugomba. Alisema tu, mbele ya wanawake waliokuja kumwona mzazi mwingine, "Kabla ya watu wa Bangwe kuolewa humu, kitu hakikupotea." Mwamvita alitoka Bangwe. Wakajaribu hamsini ya faru, lakini ile ina pembe saba. Mtoto alilia, akabaki na alama tumboni. Tangu hapo, kwa kila kitovu kilichochomoza mtaani, alisimangwa Mwamvita. Taratibu wakaacha kumpa vichanga awapakate. Yeye alitumwa nje, akachochee moto wa maji. Nami nilikuwepo, nimekunja miguu mkekani, nakunywa chai.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mwenzio akibebeshwa kosa lako mbele za watu, likiri mbele za watu hao hao. Ukimnong'oneza pembeni unajisafisha wewe, yeye unamwacha alivyo. Mungu akujalie wepesi wa kusema "ni mimi" ungali na meno yako yote.

Haya sikuyapata chuoni. Wiki iliyopita binti wa mdogo wangu alijifungua, wanawake wakajaa kwa mama. Nikampigia Mwamvita simu nimwombe msamaha kimya kimya. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia kuni zikipasuka motoni.

"Wifi, mimi najua sikuichukua," akasema. "Waambie wao."

Akaingia ndani, akaiweka simu kwenye spika. Nikasema yote, na la yule kijana pia. Mmoja akacheka, wenzake wakamnyamazisha. Kisha nikamsikia mama, sauti imemkauka kwa uzee.

"Mwamvita, mama. Kaa hapa kwangu. Mpokee mtoto."