Anaongoza kuwaona wagonjwa, naye anaogopa kuonwa

Jua halijafika kwenye migomba ya Githongo, na Gladwell Kananu ameshazamisha mkono mpaka kiwikoni ndani ya tangi la kahawa. Anachota buni kiganjani, anazisugua, anatulia kusikiliza. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, ute umeisha na ni wakati wa kuosha.

"Iko tayari," anatangaza, na wenzake wanafungulia maji.

Ana miaka 43. Katika kiwanda hiki cha wakulima, kahawa haioshwi kabla yeye hajasema neno hilo. Meneja wake, Koome, humsifu mbele ya wageni mpaka mwenyewe anaona aibu. Ukimsalimu anakujibu "bwega", neno la Kimeru la kusema mambo ni mazuri, na hulitamka kwa sauti ya mtu aliyelala akashiba.

Hakulala, wala hakula. Na anaogopa.

Anachoogopa ni Jumamosi. Hiyo ndiyo siku wanawake wa kanisa lake huwatembelea wagonjwa. Hubeba unga, sukari na majani ya chai, wengine huja na kuni mgongoni. Huanza kuimba langoni, wakaingia, wakaomba, kisha wakauliza ugonjwa ulianzaje. Huku mlimani, kuugua usionwe ni kama kutengwa. Gladwell ndiye huongoza wimbo na kupanga nani abebe nini. Kwa miaka miwili sasa ni mgonjwa yeye mwenyewe, na hajathubutu kuwaambia.

"Mimi sina plasta, sina kidonda, siko kwa kitanda," anasema akijipangusa mikono kwa leso. "Sasa nitawaambia wakuje kuona nini?"

Ugonjwa wenyewe ni sonona. Wengi tunaijua ile ya kumlaza mtu chini asiweze hata kuoga. Ya Gladwell hujificha nyuma ya kazi. Mtu huamka, hupika, hucheka, hutoa sadaka, na watu humwonea wivu. Ndani yake, anasema, ni kama nyumba iliyowashwa taa na wenyewe wamehama.

Na sisi tumezoea kumpima mtu kwa jembe lake. Aliyewahi shambani ni mzima. Anayechelewa ndiye tunayemuuliza kulikoni. Kwa kipimo hicho, Gladwell angeweza kutufia mikononi huku tukimpigia makofi.

Ilikaribia kuwa hivyo Desemba iliyopita, kahawa ilipofurika kiwandani. Asubuhi moja alizamisha mkono kama kawaida. Buni zilikwaruza. Alijua wakati umefika, kisha akaketi ukingoni mwa tangi na hakusema kitu.

"Mkono ulijua," anasimulia. "Mimi ndio sikuona sababu ya kuongea. Nikakaa tu hapo, maji inapita, watu wanapita, wananiambia habari ya asubuhi, na mimi nawajibu bwega."

Jua lilipanda. Kahawa ilikaa kuliko inavyostahili, ikachachuka, ikaanza kunuka. Mavuno ya siku nzima ya wakulima yakashuka daraja. Mwingine angefukuzwa siku hiyo hiyo. Koome alicheka.

"Hata wewe unaweza choka, Mama Kendi? Enda nyumbani ulale kidogo."

Wenzake wakafanya mzaha wa wiki nzima. Hakuna aliyejua alichokuwa akiwaza pale ukingoni. Alikuwa akiwaza kwamba asiporudi nyumbani, Kendi, bintiye wa kidato cha tatu, angelelewa na shangazi yake, Koome angepata mtu mwingine, na wanawake wa Jumamosi wangepata mwimbaji. Aliona kila kitu kingeenda sawa bila yeye.

"Ile ilinitisha ni kwamba sikuwa nalia," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Hiyo mawazo ilikuja polepole, kama vile mtu anapanga kazi ya kesho. Nikaogopa kuachwa peke yangu na mimi."

Akiwa bado pale ukingoni, alimpigia simu dada yake, Purity, anayeishi mtaa wa Dallas mjini Embu. Purity alianza na habari za mvua, kisha akasikia jinsi mwenzake anavyopumua.

"Usikate simu," alimwambia. "Toka hapo kwa tangi. Enda ukae karibu na Koome, na uongee na mimi mpaka ufike."

Siku iliyofuata Purity alikuja kumchukua, akampeleka kwa muuguzi wa afya ya akili huko Embu. Meru kungekuwa karibu zaidi, lakini Meru angeonekana. Mpaka leo huenda kila baada ya wiki mbili, na nauli inakula ujira wa siku mbili. Mumewe, dereva wa malori, anajua tu kwamba mke wake siku hizi anampenda sana dada yake.

Muuguzi hakumuuliza kama analia. Alimuuliza chakula kina ladha gani, mara ya mwisho kufurahia wimbo anaouongoza ilikuwa lini, na kama kazi yake ni kazi ama ni maficho. Swali la tatu lilimtoa machozi ya kwanza kwa miezi mingi.

Anameza dawa, anaongea, na ameacha kufanya kazi peke yake kwenye matangi. Koome alimpa mwenzake wa kusugua buni pamoja naye baada ya kuambiwa nusu ya ukweli, kwamba "dawa fulani" zinampa usingizi. Ile hali ikimjia, husimama akaenda palipo na watu, hata kama hana la kuwaambia.

Kwa nini basi asiwaambie wanawake wenzake?

Ana sababu, na haina utani ndani yake. Mwaka juzi walimtembelea mwalimu mmoja aliyesema wazi kwamba akili yake imechoka. Gladwell alikuwepo na unga wake. Waliimba, wakaomba pepo litoke, wakanywa chai. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa mwalimu yule mtoto wake ambebee hata kanisani.

"Niliona vile walikuwa wanamwangalia," anasema. "Watasema nimerogwa. Watasema Kendi ana damu ya wazimu. Nani atamuoa?"

Lakini muuguzi amemwambia siri hii ni mzigo, na siku akiteleza tena atahitaji mtu wa karibu kuliko Embu. Mtu wa kukimbia kwake kwa miguu.

Kwa hiyo mchana huu, mikono ikiwa bado inanuka kahawa, anatoa simu na kumpigia Ednah, mwenyekiti wa wanawake. Anakosea namba mara mbili.

"Mama Kendi! Jumamosi tunaenda kwa nani? Mimi sijasikia mgonjwa."

"Yuko mmoja."

"Nani huyo?"

Anafumba macho. "Ni mimi, Ednah."

Upande wa pili anasikika kuku, anasikika mtu akiburuta kiti.

"Wewe? Si jana nilikuona sokoni? Umevunjika wapi?"

"Mkuje tu," anasema Gladwell. "Nitawaambia mkishakaa. Na msiombe kabla sijamaliza kuongea."

Anakata simu na kuketi. Anakiri kwamba angeweza kupiga tena sasa hivi na kusema ulikuwa mzaha. Hapigi. Anapanga kuazima viti kwa jirani, na kumwambia mumewe Ijumaa akirudi.

Mwandishi anamuuliza kama angependa jina lake libadilishwe gazetini. Anautazama mkono wake wa kulia.

"Andika jina langu lote," anasema. "Lakini gazeti lingoje Jumamosi ipite. Nataka wasikie kwa mdomo wangu kwanza."