Nilivyoitikia Jina la Chelangat Chuoni

Sikutaka kuandika haya, lakini wanawake wa kikundi chetu hapa Kimulot wameshaanza kuyasimulia vibaya (kuna mmoja anasema eti nilitolewa na askari, huo ni uongo), kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe. Nilijiaibisha. Tena mbele ya watoto, mimi ambaye kila siku nawafokea watu kwa kukosa adabu.

Mjukuu wangu Chelangat anasoma sayansi chuo kikuu, huko Kericho. Muhula huo alikuwa na somo la maadili, yaani wanafundisha watu wa sayansi wasidanganye. Masharti alinisomea jikoni: alama kumi ni za kuhudhuria, thelathini za utafiti, sitini za mtihani, na ukikosa darasa mara tatu bila sababu, mtihani hufanyi, unarudia somo mwaka mwingine. Mara mbili alikuwa ameshakosa, na zote mbili ni mimi nilimzuia nyumbani achume majani chai kwa sababu yalikuwa yamejaa shambani. Sasa siku ya tatu akaamka na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, na bado anatafuta viatu.

"Lala," nikamwambia.

"Kogo, nikikosa leo nimekwisha." (Kogo ndiyo nyanya kwetu.)

"Nimesema lala."

Hapo ndipo nilipoamua, na sikuuliza mtu. Huku kwetu ukiwa mgonjwa siku ya kikundi, unatuma mtu wa nyumba yako, anakaa kwa kiti chako, jina lako linawekwa alama na mambo yanaendelea. Matangani ni hivyo, kanisani ni hivyo, hata mkutano wa kituo cha kuuzia majani chai, ambako mimi ni mwanakamati wa kukagua majani, ni hivyo hivyo. Nikaona chuo kikuu ni mkutano tu wenye madirisha makubwa. Nikamwachia mama yake ampeleke zahanati, nikafunga kitambaa changu cha kanisa, nikaenda.

Darasa nililipata kwa kuuliza. Nikakaa mstari wa pili, karibu na msichana mmoja wa nywele za kusuka ambaye alisogeza begi lake kunipisha kwa heshima (alidhani mimi ni mgeni wa mwalimu). Karatasi ya majina ikaja. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtoto wetu nalijua, nikamuuliza yule msichana liko wapi, akanionyesha, kisha akaniona nashika kalamu.

"Shosho, hapana, hiyo si ya kuandikiwa na mtu." (Shosho nayo ni nyanya, kwa vijana wa mjini.)

"Kalamu ni yako ama ni yangu?"

Akavuta begi lake. Nikaandika herufi kubwa, nzuri, zikamwagika mpaka kwa mstari wa jirani.

Mwalimu mwenyewe ni Daktari Awuor, mama mrefu, wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na anaongea polepole kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Alifundisha, nusu Kiingereza, mimi nikitingisha kichwa kila akinitazama. Mwisho akachukua ile karatasi, akaitazama sana, akaanza kuita majina moja moja.

"Chelangat?"

"Niko!" nikaitikia kwa sauti ya kanisani.

Mlisikia kicheko kikitoka Kericho? Kijana mmoja nyuma akasema, "Wueh, Chelangat amezeeka na wikendi moja tu!" Mwingine akamjibu, "Ni kazi anazotupa Daktari zimemmaliza!"

Nikasimama. Nikawaambia wafunge midomo, hawana nyanya kwao? Kisha nikamgeukia mwalimu, nikamweleza kwamba mtoto ni mgonjwa, nimekuja kukaa kwa nafasi yake, na jina nimeshaandika.

"Mama," akasema polepole, "ugonjwa ungeisha na karatasi ya zahanati. Lakini kumwandikia mtu jina ni sifuri ya somo lote. Yeye ndiye alikutuma?"

"Hata hajui niko hapa."

Kama ningekaa chini hapo, pengine yangeisha. Lakini nilisikia hilo neno sifuri, nikaogopa, na mimi nikiogopa naongea. Nikasema huyo mtoto ni mwaminifu, mchapa kazi, hata utafiti wake wa moshi wa jikoni, ule wa kuuliza wanawake watano wanaopika na kuni, aliniachia fomu nipitie kwa majirani, na kwa vile mvua ilikuwa inanyesha mimi nikajibu ya kwangu na za wale wanne wengine, maana nawajua wote, hakuna haja ya kuwasumbua.

Yule msichana wa nywele za kusuka akafunika uso. Daktari Awuor akaweka chaki chini. "Mama," akasema, "hilo ndilo nimefundisha saa nzima. Watu wanaoandika majibu ambayo hawakuyasikia."

Nilirudi nyumbani na uso kama chungu kilichoungua. Nilipomweleza Chelangat, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kogo, nilikuamini na hizo fomu," akageukia ukuta.

Daktari Awuor alimsikiliza. Karatasi ya zahanati ikaokoa siku ile, jina nililoandika likafutwa, na akapewa wiki moja kurudia utafiti, lakini kwa nusu ya alama. Tukaenda nyumba kwa nyumba, mimi nikionyesha njia tu. "Ukifungua mdomo, Kogo, nakurudisha," aliniambia. Mtoto niliyemlea!

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bornes. Nimechuma majani na Bornes tangu tukiwa wasichana. Kwa fomu yake nilikuwa nimeandika: moshi haumsumbui.

Bornes akasema, "Macho yameharibika kwa moshi. Majani naona kama yako ndani ya maji. Siku hizi nachuma kwa kupapasa."

"Na hujamwambia mtu?" Chelangat akauliza.

Bornes akanielekezea kidevu. "Ningemwambia nani? Huyu? Kila wiki ananirudishia majani kituoni, anasema yamekomaa, hayafai, ananiita mvivu mbele ya watu."

Nilikuwa nimeamriwa ninyamaze. Ni kweli nilimwita hivyo, na watu walicheka.

Chelangat alifanya mtihani wake, akapita kwa alama chache sana, chini ya wenzake wote, na hizo alizopoteza ni mimi nilizila. Basi nimeapa: mdomo wangu utajibu yangu tu. Ukinituma mkutanoni nitasema hujafika, ukasirike ukitaka. Na kituoni siku hizi naenda mapema kabla karani wa mizani hajafika, namimina kikapu cha Bornes juu ya gunia, namchagulia yale yaliyokomaa nayatupa. Yeye anasimama kando, amekunja mikono, ananiachia nifanye. Msamaha nilimwomba. Bado hajanijibu, na safari hii simjibii.