Mama Foleni Anaomba Likizo

Pale hospitalini walimwita Mama Foleni, ingawa hakuwa na mtoto wala hakupanga watu kwenye mstari. Zamani karani alipanda na kushuka ngazi na karatasi mkononi, na jibu la damu lilichukua siku mbili kufika wodini. Yeye akajifungia miezi minane na kuandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, vijiprogramu sita. Cha kwanza kilipokea sampuli, cha pili kiliipangia mashine, cha tatu kilisubiri daktari athibitishe, na kuendelea hivyo mpaka jibu limfikie mgonjwa. Kila kimoja kikimaliza hatua yake kiliacha ujumbe kwenye foleni, na kinachofuata kikauchukua kwa zamu. Majibu yakaanza kutoka ndani ya saa tatu. Mkurugenzi akampa cheti, watu wakampa jina.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu wakati huo hakuwahi kupata likizo iliyozidi siku mbili.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya maabara, kimebanwa na majokofu mawili yaliyonguruma kutwa na kiyoyozi kisichozimwa. Alivaa koti hata nje kukiwa na jua la utosi. Dirisha lake moja lilitazama uani, shuka za wodini zinakoanikwa.

"Likizo ni haki yako, sikatai," mkuu wa kitengo alimwambia kila alipopeleka barua. "Ila ukiondoka, nani atashika?"

Mara ya kwanza maneno hayo yalimvimbisha kichwa. Mara ya nne yalimuudhi, kwa sababu safari hii mama yake alikuwa amepiga simu. Presha ya macho ilikuwa imekula jicho la kushoto lote, na la kulia lilikuwa linafifia.

"Daktari anasema mwaka hauishi kabla hili nalo halijapotea," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. "Njoo nikuone, mwanangu, nisije nikabaki nakusikia tu."

Alirudi kwa mkuu akakaa kitini bila kukaribishwa, na hakuinuka mpaka alipopewa siku kumi.

Asubuhi ya safari alikuwa ameshapanda basi, begi liko mapajani, simu ikaita. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwanamume mpole ambaye walikula naye mchana karibu kila siku.

"Dada, majibu hayatoki. Hata moja, tangu saa moja. Wodi ya watoto wanatupigia kila dakika."

"Zima uwashe."

"Nimezima mara tatu."

Alitazama kiti cha dereva, kingali kitupu. Akashuka.

Kosa lenyewe alilipata ndani ya nusu saa. Sampuli moja ilikuwa imeingizwa bila jina la daktari. Kijiprogramu cha tatu kiliuchukua ujumbe wake, kikamtafuta daktari, kikamkosa, kikaanguka. Kilipoinuka kiliurudisha ujumbe uleule mbele ya foleni, kikauchukua tena, kikaanguka tena. Kilikuwa kimefanya hivyo mara elfu kumi na moja. Nyuma yake sampuli mia nne na kumi na mbili zilisubiri, hazina ubaya wowote.

Akautoa ujumbe mbovu kwa mkono, na majibu yakaanza kumwagika kwenye kioo. Kisha akafungua mistari ya programu ili aone nani aliandika kwamba ujumbe ulioshindikana urudi mbele milele, badala ya kujaribiwa mara chache na kuwekwa pembeni. Alikuwa yeye, mwaka wa kwanza. Juu ya mstari huo alikuwa amejiandikia: nitarekebisha.

Basi lilishaondoka. Mtaalamu wa maabara alimletea chai akasimama mlangoni.

"Nikuambie kitu, hutakasirika?"

"Sema."

"Yule kijana waliyekuletea mwaka juzi umfundishe. Kila alichoandika ulikifuta ukaandika upya. Mwisho akaomba ahamishwe."

"Alikuwa anaharibu."

"Alikuwa anajifunza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, dada."

Alikasirika kweli. Chai ikapoa mezani, na siku mbili nzima akala peke yake. Siku ya tatu alienda kumwomba mkuu amtafutie mtu mwingine wa kumfundisha. Mkuu akasema wazo ni zuri, aliandikie barua. Kuhusu zile siku kumi, akasema kwa tukio lile ingekuwa busara kusubiri kidogo.

Mama hakusubiri. Wiki iliyofuata alifika na kaka mkubwa, akiwa ameshikwa mkono, akafikia kwenye chumba cha binti yake cha kupanga. Binti aliondoka alfajiri akarudi giza limeingia. Taa ya chumbani ilikuwa hafifu, na jicho la mama halikuweza chochote bila mwanga mkali. Siku nne wakaishi pamoja, na mama alikuwa bado hajamwona.

Siku ya tano akampeleka kazini. Mlinzi aliuliza huyu ni mgonjwa wa wodi gani. Akajibu, "Ni mama yangu," akapita.

Alisogeza kiti dirishani, akamvisha mama koti lake, akapiga magoti mbele yake jua likiwapiga usoni. Mama alimshika kidevu, akaugeuza uso wake taratibu kulia na kushoto, kama anayechagua nyanya sokoni.

"Umekonda," alisema. "Na hapa umeota mvi. Nani kakuruhusu uzeeke kabla yangu?"

Binti alicheka, kisha akashindwa kuacha, na kicheko kikawa kilio. Mama hakuuachia uso. Kompyuta ililia mara mbili mezani, na mara hizo zote mtaalamu wa maabara aliingia kimya, akasoma kilichoandikwa, akabonyeza alichoonyeshwa na binti jana yake, akatoka.

"Hiyo kazi," mama aliuliza baadaye, "huwezi kuiacha?"

"Nikiiacha wagonjwa watakosa majibu."

"Sikuuliza wagonjwa."

Binti akamtazama mama akimtazama.

Mama aliondoka na kaka Jumapili. Miezi mitatu baadaye jicho la kulia nalo likafunga. Kwenye simu alisema anaukumbuka uso wote, hata zile mvi, na kwamba wanawe wengine anawakumbuka wakiwa vijana, kwa hiyo yeye ndiye mzee wao. Mstari wa mwaka wa kwanza umesharekebishwa. Mtaalamu wa maabara sasa anaweza kushika mfumo kwa siku tatu, akibahatika nne. Barua ya kuomba mtu wa pili bado iko mezani kwa mkuu, na Mama Foleni bado anavaa koti mchana.